Vidole Vinne

Mpima ardhi amekuja na kishikwambi na kofia,
anasimika mguu wa chuma kwenye minyaa,
anauliza: familia hii ilianza kukaa hapa mwaka gani?
Kisanduku chake kina nafasi ya tarakimu nne.

Ngoja. Ngoja kwanza nikumbuke kwa mpangilio.

Babu Luhende hakujua kuandika.
Alikuwa na kisu cha kuchunia
na mlango wa mninga uliotoka Mwanza mjini
juu ya lori la pamba lililorudi Nyanguge tupu.
Kila gunia lililokubaliwa na mizani ya ushirika,
mkato mmoja mlangoni, upande wa ndani,
kuanzia chini kabisa, usawa wa kuku,
mwaka juu ya mwaka
hadi mkono wake ulipoishia.

Nyumba nayo ilikua hivyo hivyo, kwa bei.
Sebule ni ya msimu ule mwema:
matofali ya kuchoma, bati ishirini na nne.
Chumba cha kushoto ni cha bei mbaya,
tofali ziliishia kiunoni, udongo ukamalizia.
Cha nyuma tunakiita Deni mpaka leo.
"Mtoto kalala wapi?" "Kalala Deni."
Mgeni akisikia hutazama chini.

Mwaka wa mvua kubwa ziwa lilipanda,
likala majaruba mawili na kaburi moja.
Lilipotulia lilirudisha majaruba.

Halafu ikaja sabini na nne.
Wote barabarani, kwenye mstari!
Mgambo aliyetumwa kwetu alikuwa mtoto wa Lusangija,
juzi tu alikula michembe kwenye sinia letu.
Alipanda kung'oa bati
akiomba radhi kwa kila msumari.
Bibi Nkwimba alitaka mlango tu.
Akaubeba kichwani na bawaba zake,
na waliokuwa mbali wakasema waliona
mlango unapita peke yake juu ya mtama.

Kule kijijini, miaka kumi na miwili,
ulikuwa kitanda,
ukawa meza ya karata za wajomba,
ukawa machela iliyompeleka babu zahanati
ikamrudisha.
Ikamrudisha kafunikwa.

Tuliporudi tulikuta mahame: kuta tatu,
mchicha pori sebuleni,
na kenge ndani ya Deni, asiyedaiwa na mtu.
Fundi Mugeta akaweka fremu mpya, mlango ukagoma.
Umevimba, alisema fundi.
Nyumba imesinyaa, alisema bibi.
Walibishana hadi kivuli kikavuka ua,
mwisho msumeno ukapita chini, vidole vinne.

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba.
Ni mimi niliyekiokota kile kipande
chenye mikato kama mgongo wa mamba,
nikakipeleka jikoni pamoja na maranda,
nikasifiwa kwa kutafuta kuni.
Moto ulishika haraka, mwekundu.
Tukala ugali na furu, tukalamba vidole.
Sahani zilipokwisha kuoshwa
bibi alisimama mlangoni na koroboi,
akainama, akapapasa pale chini.
Akapapasa tena.
Akasema neno moja la Kisukuma ambalo sikulijua,
na hadi leo sijampata wa kumuuliza.

Mpima anasubiri. Jua limeshamfikia shingoni.
Mama anasema arobaini na tisa.
Mjomba, kutoka kitini, anasema ni mwaka wa nzige,
kisha anasahau ni nzige wapi.
Namwongoza mpima hadi nyuma ya mlango.
Anavua kofia, anahesabu safu kwa ncha ya kalamu,
polepole, anashuka nazo hadi anachuchumaa.
"Kwa hiyo ni kuanzia hapa?"
"Kabla ya hapo."
"Kabla, lini?"

Naweka vidole vinne chini ya safu ya mwisho.
Vinagusa saruji.
Anavitazama, ananitazama,
anaandika kitu.
Sijamuuliza ni nini.